Kuingiza ala za kelele kwenye rege bila kuua mdundo

Kama unajiuliza iwapo king'ora cha kielektroniki, vibraslapu (ala ya waya inayotetema) au kuika (ngoma yenye kijiti ndani kinachosuguliwa kwa kitambaa) vina nafasi kwenye rege, jibu lilishatolewa Kingston, Jamaika, miaka ya 1970. Mwanamuziki Augustus Pablo alichukua melodika, ala ndogo ya vibonye inayopulizwa kwa mdomo, ambayo wengi waliiona kama kifaa cha kufundishia watoto, akaifanya iongoze nyimbo nzima. Mtayarishaji Lee Perry, ndani ya studio yake ya Black Ark, alipachika milio ya kila namna kwenye rekodi zake. King Tubby, fundi wa vifaa vya umeme, aliuchezea mwangwi na kichujio kama mwingine anavyocheza gitaa. Kelele si mgeni kwenye rege. Wimbo huharibika pale kelele inapokaa mahali ambapo wapigaji wamepaacha wazi kwa makusudi.

Kwa hiyo anza kwa kuhesabu. Kwenye mtindo wa one drop, ukihesabu mapigo 4, ngoma kubwa na snea (ngoma ndogo ya mlio mkali) huangukia pigo la 3, na gitaa hukata pigo la 2 na la 4. Pigo la 1 huachwa bila ngoma kubwa. Utupu huo ndio unaomfanya msikilizaji ayumbe, na ndio mahali pa kwanza ambapo mpigaji mgeni hukimbilia kujaza. Usipajaze.

Tuchukue vibraslapu, ule waya uliopinda wenye mpira wa mbao upande mmoja na kisanduku chenye pini upande wa pili. Asili yake ni taya la punda, ambalo meno yake yaliyolegea hutetema likigongwa. Mlio wake unaweza kudumu kama sekunde 2. Sasa piga hesabu: wimbo wa mapigo 75 kwa dakika una sekunde 0.8 kwa kila pigo, kwa hiyo mlio mmoja unameza mapigo 2 na nusu. Ukiugonga kwenye pigo la 4, utetemi unafunika pigo la 1 lote na kuliangukia gitaa kwenye pigo la 2. Watu watasema bendi imelegea, wala hawatajua kwa nini. Ugonge pigo la 3, sambamba na ngoma, kisha funika kisanduku kwa kiganja kabla ya pigo la 1. Mkono wa kuzima ufanyie mazoezi kuliko mkono wa kugonga. Na iwe mwisho wa ubeti tu, mara moja kila mizunguko 8 ya mapigo 4 au zaidi.

Wakati wa kurekodi, weka maikrofoni umbali wa sentimita 60 hadi 100. Ikikaribia zaidi, mlio wa kwanza wa kugonga unapasua sauti huku utetemi ukibaki chini, na hakuna namna nzuri ya kusawazisha baadaye. Acha kilele kifike karibu na desibeli 12 chini ya kikomo. Kata kila kitu kilicho chini ya hezi 300. Hakuna cha maana humo, na huko chini ndiko besi inakoishi. Besi ya rege haigawi chumba na mtu.

Mwangwi ndio unaoamua kama kelele itageuka muziki. Kupata muda kati ya mrudio na mrudio, gawanya milisekunde 60,000 kwa kasi ya wimbo: kwa mapigo 75 unapata 800. Wengi huishia hapo, na kila mrudio unaangukia juu ya pigo, ukirundikana na gitaa. Zidisha kwa 0.75, uweke 600. Ukigonga pigo la 3, mrudio wa kwanza unaingia kati ya pigo la 3 na la 4, wa pili kati ya la 4 na la 1, wa tatu kidogo baada ya la 1. Wa nne tu ndio unaokutana na gitaa kwenye pigo la 2, na wakati huo umeshafifia. Kwenye kurudisha mwangwi ndani yake wenyewe, anza na asilimia 40. Unapokaribia 100 mwangwi haufi tena, unakua mpaka unazomea. Wapenzi wa dub, rege inayochanganywa upya studio kwa mwangwi mwingi, wanautaka mzomeo huo, lakini kidole kikae kwenye kitufe cha kuushusha kabla hujaupandisha.

Melodika ina tatizo lake: ukipuliza kwa nguvu, sauti inashuka kidogo chini ya noti. Kwenye wimbo wa taratibu wenye kinanda, hilo linasikika mara moja. Puliza kwa wastani, upate ukubwa wa sauti kwenye maikrofoni. Mate yakijikusanya, vijiulimi vya ndani vinakwama; bonyeza kitufe cha kutoa maji na upulize bila kugusa noti, kila baada ya wimbo.

Kuika inahitaji kitambaa chenye unyevu. Kikikauka, kinateleza kwenye kijiti na ngozi haikoromi. Dole gumba juu ya ngozi ndilo linalopandisha na kushusha sauti. Itumie kujibu mwimbaji anapopumua, kamwe si juu ya maneno yake.

King'ora jukwaani kina hatari mbili. Masafa yake ya juu huingia kwenye maikrofoni ya mwimbaji na kuanza kuvuma, basi kiunganishe moja kwa moja kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti), usikipitishe kwenye spika iliyo nyuma ya mwimbaji. Pili, kisipokuwa kwenye ufunguo wa wimbo, yaani noti ambazo wimbo umejengwa juu yake, kinagombana na besi. Kabla ya onyesho, geuza kitufe cha kupandisha na kushusha noti ya king'ora huku besi ikishika noti ya msingi, simama pale mgongano unapokwisha, uweke alama kwa kalamu.