Jinsi ya Kuendesha Kikao cha Mazungumzo Mwaloni Badala ya Kusoma Slaidi

Kwa miaka kadhaa niliwafundisha wachakataji wa dagaa hapa Kigoma, mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, kwa projekta na slaidi nilizoziandaa usiku kucha, hadi nilipogundua kwamba watu walionisikiliza kwa utulivu mkubwa walikuwa wakirudi kesho yake kuanika dagaa mchangani kana kwamba sikusema neno. Utaratibu ufuatao ndio ninaoutumia sasa.

Hatua ya 1: Panga siku kwa kutazama mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapokuwa kali taa hizo hazivuti samaki vizuri, hivyo mitumbwi hupumzika na watu hupata nafasi. Ukiitisha kikao siku zisizo na mbalamwezi utawapata wakisinzia, kwa kuwa wamekesha kazini.

Hatua ya 2: Andaa maswali, si hotuba. Maswali matatu yanatosha, na angalau moja liwe lile ambalo wewe mwenyewe hulijui jibu lake. Mimi hubeba pia sahani mbili, moja ya dagaa walioanikwa mchangani na nyingine ya dagaa wa kichanjani, yaani walioanikwa kwenye waya uliotandazwa juu ya miti, bila kusema ipi ni ipi. Projekta ibaki nyumbani, kwa maana ukiibeba utaiwasha.

Hatua ya 3: Keti walipoketi wenzako, pitisha sahani, uliza, "Ungekuwa mnunuzi, ungechukua ipi?" kisha unyamaze. Hapa ndipo wawezeshaji wengi huharibu, kwa sababu kimya kinawatisha na wanakimbilia kujibu swali lao wenyewe. Hesabu kimoyomoyo hadi ishirini. Siku moja mama mmoja alitafuna dagaa wa sahani ya kwanza, akatema chembe za mchanga kiganjani, akaniambia, "Mwanangu, tofauti tunaijua. Waya unanunuliwa, mchanga ni wa Mungu." Katika slaidi zangu zote sikuwa nimeandika bei ya waya hata mahali pamoja. Mwenzake akadakia kwamba nyavu kuukuu zinaweza kutandazwa juu ya miti, na saa nzima iliyofuata ilikuwa yao.

Hatua ya 4: Toa utaalamu unapoulizwa. Mtu akitaka kujua kwa nini kichanja hukausha haraka, eleza kwamba hewa hupita juu na chini ya dagaa, kisha rudisha swali kwa waliokaa: mvua ikinyesha ghafla, nani atafunika, na kwa turubai la nani?

Hatua ya 5: Angalia nani hasemi. Mwenye mtumbwi akiwepo, wanawake wanaonunua dagaa kwake hawatampinga hadharani, kwa hiyo wachakataji wapewe kikao chao peke yao.

Hata hivyo, si kila jambo ni la kujadiliwa. Serikali iliposimamisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, tarehe zilihitaji kutangazwa tu; kilichohitaji mazungumzo ni namna ambavyo familia zingeishi miezi hiyo mitatu.

Hatua ya 6: Andika walichokubaliana kwa maneno yao, mmoja wao akisome kwa sauti, na karatasi ibaki kwake. Mbalamwezi ijayo, kikao kianze kwa karatasi hiyo kabla wewe hujafungua kinywa.