Dessert si desert: namna ya kuyatenga maneno ya Kiingereza yanayofanana

Kiswahili kimetudekeza. Tunaandika tunavyosikia: ulimi ukitenga kalamu na karamu, mkono haukosei. Kiingereza hakina ahadi hiyo. Herufi moja ikidondoka, menyu ya hoteli ya Paje inamtangazia mgeni jangwa badala ya vitamutamu. Somo hili ni la wanaoandika menyu, mabango na barua za kazi, na wanafunzi wa skuli pia.

Hatua ya 1: usiiachie kompyuta. Mstari mwekundu hutokea chini ya neno lisilokuwepo kwenye kamusi ya programu. Desert lipo, loose lipo, kwa hiyo yanapita. Hata programu zinazokagua sarufi huponyokwa kwenye menyu na mabango, maana hakuna sentensi kamili ya kuzionesha maana uliyoikusudia.

Hatua ya 2: uliza, ni jina au kitenzi? Advice ni ushauri, advise ni kushauri. La kwanza huishia na sauti ya s, la pili na ya z. Practice na practise, licence na license, hufuata mpango huo huo (c kwa jina, s kwa kitenzi) ila haya hutamkwa sawasawa. Wamarekani huandika practice na license kwa kazi zote mbili. Kwetu uliozoeleka ni mtindo wa Uingereza. Ukiushika, ushike mpaka mwisho wa barua.

Hapa kwenye advice ndipo wengi wanapoanguka mara mbili. Sisi tuna shauri na mashauri, basi tunaandika "an advice" na "advices". Advice halihesabiki, kama vile maji. Andika "some advice", au "a piece of advice" kama ni moja.

Hatua ya 3: tafuta herufi ya shahidi, na shahidi awe wa Kiswahili. Vikumbusho vya vitabuni vimetungiwa Waingereza, vyetu hivi:

Principal ni mkuu wa skuli au chuo: herufi al zimo ndani ya mwalimu. Principle ni kanuni. Barua inayoanza "Dear Principle" inaiamkia kanuni.

Stationery ni vifaa vya kuandikia: e ya penseli. Stationary ni kilichosimama pahali pamoja: a ya kukaa. Kosa hili ndilo linalopenda zaidi mabango ya maduka.

Dessert ina s mbili, hesabu sukari vijiko viwili. Loose ina o mbili, ni kanzu inayopwaya. Lose ni kupoteza.

Hatua ya 4: soma kwa sauti, lakini usiliamini sikio peke yake. Desert ya jangwa hukazwa mwanzoni, dessert hukazwa mwishoni. Lose ina z, loose ina s. Tatizo ni kwamba desert ikiwa kitenzi, yaani kutelekeza, hutamkwa sawasawa na dessert. Na berth, nafasi ya meli gatini, haitofautiani kwa sauti na birth, kuzaliwa. Hapo ni herufi tu.

MASUALI YA WANACHAMA

*Maalim, kifungua kinywa cha bure ni complementary au complimentary?*

Complimentary, kwa i ya zawadi. Usitafute shahidi kwenye neno bure, e yake itakupoteza. Compliment ni sifa njema, complement ni kinachokamilisha kingine, kama achari kwenye pilau. Yanachanganya kwa sababu yote yametokana na neno moja la Kilatini lenye maana ya kujaza au kukamilisha.

*Tulisomeshwa affect ni kitenzi na effect ni jina. Mbona nimekuta "to effect a change"?*

Kanuni mliyosomeshwa ni sahihi kwa matumizi ya kila siku: "rain affects the clove harvest", "the effect of rain". Effect ikiwa kitenzi ina maana ya kuleta, kusababisha kitu kitokee. "To affect a change" ingekuwa kuyagusa mabadiliko ambayo tayari yapo. Kama huna hakika, andika "bring about", utasalimika.

*Kwa nini stationery na stationary yafanane hivyo? Penseli na kusimama wapi na wapi?*

Ni ndugu kweli. Zamani Ulaya stationer alikuwa muuza vitabu mwenye kibanda cha kudumu, tofauti na mchuuzi wa kuzunguka. Bidhaa zikachukua jina la duka lililokaa pahali pamoja.

*Bango langu la pwani Nungwi limeandikwa "Boat for sail". Wageni wanacheka. Nibadilishe iwe sale?*

Usibadilishe hivyo! Sale ni kuuza, na "Boat for sale" itakuletea wanunuzi wa chombo chenyewe. Sail ni tanga, au kusafiri kwa tanga. Unachotaka ni "Sailing trips" au "Dhow trips", na chini yake saa na bei. Na mchoraji mpe neno umeliandika kwenye karatasi, usimtajie kwa simu: sail na sale kwenye simu ni neno moja.