Somo: Mrehani, nanaa na sato kwenye tenki moja uani – kokoto kwanza, samaki baadaye

Habari za leo ndugu zangu. Somo hili nimelidaiwa muda mrefu, na leo nimekaa nalo tangu alfajiri. Akuaponiki ni kufuga samaki na kuotesha mimea kwa maji yale yale yanayozunguka. Wengi wanaojaribu wanaanza na samaki, na ndani ya wiki mbili wanawazika. Nawaomba msome hadi mwisho kabla hamjanunua hata kifaranga kimoja cha samaki.

Samaki akipumua hutoa amonia kupitia matamvua, na amonia hiyo ikijaa majini inamuua yeye mwenyewe. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili la bakteria linaigeuza naitraiti kuwa naitreti, na hicho ndicho chakula anachokitaka mrehani. Kwa hiyo hapo uani unafuga viumbe vya aina tatu, na wale usiowaona kwa macho ndio wanaotakiwa kufika kwanza. Wanaishi wamejishika kwenye kokoto.

Hatua ya 1: Tenki

Tafuta tenki la IBC la lita 1,000, lile jeupe lililozungushiwa chuma. Muulize muuzaji lilibeba nini. Mafuta ya kula au juisi, sawa. Kama lilibeba kemikali, au hajui, liache hata akupunguzie bei nusu.

Likate juu kwa msumeno, sentimita 35 kutoka juu. Kipande cha juu kigeuze, hilo ndilo beseni la mimea. Cha chini ndicho nyumba ya samaki, na kitabaki na lita 650 hivi. Beseni likijaa kokoto na maji litazidi nusu tani, kwa hiyo liwekee matofali au chuma cha uhakika, si mbao za kuokoteza. Paka tenki rangi nyeusi kisha nyeupe juu yake, maana mwanga ukipenya maji yatageuka kijani kwa mwani.

Hatua ya 2: Kokoto, na hapa nitakaa kidogo

Unahitaji kokoto za milimita 12 hadi 20, kina cha sentimita 30. Kwa beseni hilo ni ndoo kubwa kama 18.

Sisi wa Dar es Salaam tuna shida yetu. Kokoto nyingi za upande wa Kunduchi, Boko na Wazo ni mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe. Kwa zege hayo ni mambo ya fundi. Kwenye akuaponiki yanapandisha pH (kipimo cha uchachu wa maji: chini ya 7 ni machachu, juu ya 7 yana magadi) na kuishikilia huko juu. pH ikiwa juu, madini ya chuma hayanyonyeki na mizizi, na amonia inakuwa kali zaidi kwa samaki. Mimi nilijaza beseni langu la kwanza kwa kokoto hizo kwa sababu zilikuwa karibu na bei nzuri. Mrehani ukaota, ukafika kimo cha kidole, kisha majani machanga yakaanza kutoka meupe-manjano. Kila asubuhi nilipima maji, na kila asubuhi pH ilikuwa juu ya 8. Nilimwagia mbolea ya chuma mwezi mzima bila kuona mabadiliko. Mwishowe mimi na kijana wangu tulizitoa zote, ndoo baada ya ndoo, tukaleta kokoto ngumu za Lugoba.

Kipimo chake ni cha jikoni. Chukua kokoto kama kumi, zioshe, zikaushe, zitie kwenye glasi, mimina siki nyeupe mpaka zifunikwe. Inamisha sikio. Ukisikia mchemko mdogo na ukaona vipovu vikipanda kutoka kwenye jiwe, hiyo ni chokaa, usiinunue. Siki ikitulia kimya, chukua. Nenda na chupa ya siki kwenye lori lenyewe, kabla halijamwaga.

Kisha osha kokoto mpaka maji yatoke safi.

Hatua ya 3: Mabomba na pampu

Pampu ya kuzamisha inakaa kwenye tenki la samaki na kupandisha maji kwenye beseni. Maji yote ya tenki yanatakiwa kuzunguka mara moja kwa saa. Kwa lita 650 nunua pampu iliyoandikwa lita 2,000 kwa saa, kwa sababu ikipandisha maji mita moja na nusu nguvu yake inapungua sana.

Beseni linatakiwa kujaa na kukauka kwa zamu, ili mizizi na bakteria wapate hewa. Kazi hiyo inafanywa na saifoni: bomba la nchi moja limesimama katikati, juu yake limefunikwa na bomba la nchi tatu lenye kofia na mikato chini, na nje kabisa bomba la nchi nne lenye matundu kuzuia kokoto. Maji yakifika juu ya bomba la ndani yanavutwa yote kwa mkupuo. Kata bomba la ndani ili maji yaishie sentimita 3 chini ya uso wa kokoto. Uso ukibaki mkavu, mwani hauoti na shina halioi. Saifoni ikikusumbua, weka taima: dakika 15 pampu inafanya kazi, 45 inapumzika. Hapo maji yatazunguka polepole zaidi, lakini beseni litajaa na kukauka kwa zamu vilevile.

Hatua ya 4: Kulea bakteria

Jaza maji. Ya bomba yana klorini, yaache yazunguke siku mbili ndipo uendelee. Weka chakula cha samaki kiganja kimoja kwenye soksi, kioze ndani ya maji. Ukiwa na rafiki mwenye mfumo unaofanya kazi na samaki wake ni wazima, mwombe ndoo ya kokoto zake. Huo ni mtaji kuliko dawa yoyote ya chupa.

Nunua vipimo vya maji vya matone kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Utaona amonia inapanda, kisha inashuka huku naitraiti ikipanda, kisha naitraiti inashuka na naitreti inajitokeza. Kwa joto letu inachukua wiki nne mpaka sita. Amonia na naitraiti zikiwa chini ya miligramu 0.5 kwa lita na naitreti ipo, nyumba iko tayari. Hakuna njia ya mkato hapa, ndugu zangu. Mvumilivu hula mbivu.

Hatua ya 5: Samaki

Chukua vifaranga vya sato vya jinsi moja, madume, wasije wakazaliana wakajaa tenki. Kituo cha serikali cha Kingolwira, Morogoro, kinajulikana kwa kuzalisha vifaranga. Samaki 20 wanakutosha. Mfuko wa vifaranga uelee juu ya maji dakika 15, kisha uwe unachanganya maji ya tenki kidogo kidogo kabla ya kuwaachia. Funika kwa wavu, sato anaruka.

Lisha mara mbili kwa siku, kile wanachomaliza kwa dakika 10 hivi. Kilichobaki kitoe.

Hatua ya 6: Mimea

Watu huniuliza, samaki wangapi kwa miche mingapi? Hesabu haiendi hivyo, inaenda kwa chakula unachomwaga kwa siku. FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, kwenye mwongozo wao wa 2014, wanashauri gramu 40 hadi 50 za chakula kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mimea ya majani. Beseni letu lina mita za mraba 1.2, kwa hiyo ili lijae lote unahitaji gramu 50 hadi 60. Sasa pima: vifaranga 20 vya gramu 10 kila mmoja wanakula gramu kama 10 tu kwa siku. Ndiyo maana mwanzoni unaotesha robo ya beseni au pungufu, na unaongeza jinsi samaki wanavyokua.

Mrehani ndio malkia hapa. Mwache sentimita 20 kati ya mche na mche. Ukifika kimo cha shubiri, kata kichwa juu ya jozi ya majani, yatachipuka matawi mawili. Usiuache utoe maua, majani yataingia uchungu. Panda kwa zamu, miche michache kila wiki mbili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, wakiongozwa na James Rakocy, walilima mrehani kwa maji ya sato wakaona kwamba ukipandwa wote kwa mpigo chakula cha majini kinapungua, na ukipandwa kwa zamu mambo yanakaa sawa.

Giligilani unataka kivuli. Jua la Februari likiupiga unakimbilia mbegu. Nanaa usiipande huru kabisa: mizizi yake inatambaa mpaka ndani ya saifoni. Itie kwenye kopo lenye matundu, kopo ulizike kwenye kokoto. Mchaichai nao ubaki ardhini, mizizi yake ni mikubwa mno kwa beseni hili.

Baada ya hapo

Kadiri miezi inavyokwenda, bakteria wenyewe wanashusha pH. Ikae kati ya 6.5 na 7. Ikikaribia 6 wanadorora, na amonia itarudi. Dawa yake? Yale mawe ya chokaa niliyoyafukuza. Natia kikombe kimoja kwenye soksi, naining'iniza maji yanapomwagika, pH ikifika 6.8 naitoa.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mwanakikundi wa Mwanza: Shikamoo mama. Huku kambale ni rahisi kupata. Naweza kuwatumia?

Marahaba mwanangu. Unaweza, na ni mgumu kuliko sato kwa sababu anavuta hewa juu ya maji. Ila wachambue wawe saizi moja kila baada ya wiki chache, maana mkubwa anammeza mdogo. Na wavu ufungwe kweli, kambale anatoka na kutembea.

Mwanakikundi wa Mbagala: Umeme ukikatika usiku samaki si watakufa wote?

Hili ndilo linalonikosesha usingizi hata leo, nitalijibu kwa urefu. Samaki 20 kwenye lita 650 wana nafasi, wadogo hawatakufa kwa saa moja au mbili. Hatari iko kwa wakubwa, na hasa alfajiri, hewa inapokuwa chache majini. Utawakuta wamepanga midomo juu ya maji wanafumbua na kufumba. Nunua pampu ndogo ya hewa ya betri inayowaka yenyewe umeme ukikatika. Kama huna, chota maji kwa ndoo, yainue usawa wa kifua, yamwage tenkini yakiwa yanatawanyika, dakika tano, pumzika, rudia. Nimeshafanya hivyo tangu saa tisa usiku mpaka kumepambazuka, tukipokezana na mume wangu, na hatukupoteza hata mmoja. Usiwalishe umeme ukiwa umekatika, wala mara tu unaporudi, kwa sababu samaki aliyeshiba anatumia hewa zaidi. Na beseni lisipopata maji kwa saa nyingi, limwagie kwa mkono ili bakteria wasikauke.

Mwanakikundi wa Unguja: Maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo. Yanafaa?

Sato atayavumilia, giligilani na mrehani hazitayavumilia. Kinga maji ya mvua, uchanganye au utumie ya mvua matupu.

Mwanakikundi wa Moshi: Majani machanga ya mrehani ni manjano lakini mishipa yake ni kijani. Samaki wanakula vizuri.

Hiyo ni njaa ya chuma. Chakula cha samaki hakina chuma cha kutosha kwa mimea. Pima pH kwanza. Ikiwa chini ya 7, ongeza chuma kile kinachoyeyuka kinachouzwa kwa wakulima wa haidroponiki (wanaootesha mimea kwenye maji bila udongo), miligramu 2 kwa lita, kila wiki tatu. Ikiwa juu ya 7.5, rudi kwenye Hatua ya 2 na chupa ya siki. Na misumari yenye kutu haisaidii, msijisumbue.

Mwanakikundi wa Kisumu: Vidukari wamevamia. Nipulize nini?

Usipulize dawa yoyote kaka yangu, wala maji ya sabuni, wala mwarobaini. Vyote vinaishia majini, na samaki hawahimili. Toa mche, uoshe kwa maji ya kasi mbali na tenki, kata tawi lililojaa wadudu, funga chandarua juu ya beseni.

Mwanakikundi wa Kibaha: Majani yaliyooteshwa kwa mavi ya samaki ni salama kweli kwa kachumbari?

Ni salama ukiwa msafi. Vijidudu vya kuharisha huletwa zaidi na ndege, mijusi, paka na mikono yetu. Usimwagie majani maji ya tenki, nawa kabla ya kuvuna, na osha majani kwa maji safi ya kunywa.

Mwanakikundi wa Iringa: Huku Juni ni baridi, sato wangu wamegoma kula.

Hawajagoma, wamepoa. Sato anapenda nyuzi 25 hadi 30. Maji yakishuka chini ya 20 anakula kidogo sana. Punguza chakula kiwe kile wanachokimaliza tu, funika tenki usiku, na punguza miche kwa sababu chakula cha mimea nacho kimepungua.

Mwanakikundi wa Temeke: Mama, tuseme ukweli, kuna hela?

Kwa tenki moja, samaki ni kitoweo cha nyumbani: sato wa gramu 300 hivi baada ya miezi sita hadi minane. Hela iko kwenye majani. Lakini kabla hujaongeza tenki la pili, zunguka na fungu moja la mrehani kwenye hoteli na migahawa mitatu ya karibu nawe, muulize mpishi mwenyewe anachukua kiasi gani kwa wiki na siku gani. Mimi mpishi mmoja aliniambia hataki mrehani mwingi, anataka nanaa kila Alhamisi kabla ya saa nne asubuhi. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta makopo ya kutoboa.