Kuunda na kupaka rangi ndege ya kivita: Hurricane Mk I ya kipimo cha 1/72

Kwa anayeanza kuunda modeli za plastiki, Hawker Hurricane Mk I, ndege ya kivita ya Uingereza, ya 1/72 (yaani ndogo mara 72 kuliko halisi) inafaa kuliko nyingi. Mabawa ya ndege yenyewe yalikuwa mita 12.19 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo modeli hutoka na sentimita 17 tu. Mipaka kati ya rangi zake huonekana mikali kwa udogo huo, hivyo brashi ya mkono inatosha kabisa. Huhitaji mashine ya kupulizia wala kungoja umeme urudi.

Tafuta kikata kucha, wembe, msasa wa maji namba 400, 800 na 1200, tepu ya karatasi ya mafundi rangi, gundi ya modeli inayoyeyusha plastiki, na brashi bapa ya milimita 8 pamoja na nyembamba ya namba 0. Kiondoa rangi ya kucha kisikaribie meza: mara nyingi kina asetoni, na asetoni hula plastiki hii.

Kabla ya kukata chochote, osha fremu zote (vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande) kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, uziache zikauke usiku kucha. Plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu. Rangi inayobanduka pamoja na tepu mara nyingi ilipakwa juu ya mafuta hayo.

Chumba cha rubani hupakwa kwanza, kwa sababu kiwiliwili kikishafungwa brashi haifiki. Mirija yake ni ya rangi ya fedha, paneli ya vyombo nyeusi. Kisha unganisha nusu mbili za kiwiliwili na uzibane mpaka plastiki iliyoyeyuka ichungulie kidogo kwenye mshono. Hapo subiri saa 24 kamili, na msimu wa mvua ngoja hata siku mbili zaidi. Ukipiga msasa mapema, plastiki bado ni laini. Itasinyaa baadaye na mshono utajichora upya chini ya rangi. Nyuma ya chumba cha rubani Hurricane ilifunikwa kwa kitambaa, na mbavu zake zimechongwa kwenye modeli. Bandika tepu pande zote mbili za mshono, usije ukazifuta mbavu hizo.

Bawa la Hurricane ni bapa katikati, kisha sehemu za nje huinuka. Gundi ikiwa bado mbichi, weka viberiti chini ya kila ncha, idadi sawa kulia na kushoto, uangalie kwa mbele. Bawa lililopinda halifichiki kwa rangi yoyote.

Sasa praima ya kijivu, yaani rangi ya msingi, na hapa hali ya hewa yetu ndiyo inayoamua. Kampala na Entebbe, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, hewa hujaa unyevu. Thina ya kopo la kupulizia inapokauka hupoza uso wa plastiki, unyevu hugandia hapo, na rangi hutoka na ukungu mweupe. Pulizia siku yenye jua, mvua ikiwa mbali, kwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, tabaka nyepesi mbili.

Kwa ndege ya Uingereza ya mwaka 1940, anza chini kwa kijani hafifu kilichoitwa Sky, halafu juu kahawia ya udongo, mwisho mabaka ya kijani kibichi juu ya kahawia hiyo. Chovya rangi ya akriliki iliyopunguzwa, sehemu tatu rangi kwa moja maji, na upake tabaka tatu nyembamba, kila moja ikikatisha ile ya chini. Ukipata mahali palipokosa rangi, usirudie papo hapo: rangi iliyokauka nusu hunyanyuka na kuacha madonge. Saa moja ndiyo ya chini kabisa. Tone la nyeupe katika kila rangi husaidia pia, kwani modeli ndogo yenye rangi halisi huonekana nyeusi mno.

Wengi huruka vanishi ya kung'aa kabla ya stika za maji, na hilo ndilo kosa linaloharibu kazi nzuri. Uso usiong'aa una vinyweleo. Hewa hunaswa chini ya stika na kumetameta kama fedha. Paka vanishi, ikauke siku nzima, kisha loweka stika nusu dakika na uitelezeshe mahali pake. Juu ya mabawa huwekwa duara la buluu na nyekundu pekee. Ubavuni lina mzingo wa njano. Ukitaka Hurricane za Afrika Kusini zilizopigana huku Afrika Mashariki mwaka 1940 na 1941, nyekundu hubadilishwa kwa rangi ya machungwa.

Maliza kwa vanishi isiyong'aa, kisha propela nyeusi yenye ncha za njano za milimita 1.4. Kioo cha rubani kibandike kwa gundi nyeupe ya seremala. Supa gluu hapo hapana: mvuke wake hukitia kioo ukungu mweupe usiofutika.