Namna ya kuandaa jalada la umahiri kwa kazi ya ununuzi na ugavi

Miaka kumi stoo haimwambii mwajiri unachokiweza. Anayekusaili kwa kazi ya ghala la Barabara ya Nyerere au ofisi ya ununuzi kule Posta anataka kujua kama ukiachwa peke yako na kazi itatoka sawa. Jalada la umahiri, yaani faili la ushahidi wa kazi ulizofanya, linamwonyesha, na halingoji tangazo la ajira ndipo lianze.

Ukurasa wa kwanza weka usajili. Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi (PSPTB), iliyoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 2007, ndiyo inayosajili watu wa fani na kuendesha mitihani yake hadi CPSP, cheti cha mtaalamu wa ununuzi na ugavi. Cheti hufungua mlango tu. Kinachofuata ndicho kinachosomwa.

Gawa jalada sehemu nne: kupokea na kutunza mali, kupanga mahitaji, kununua, kusimamia mikataba. Andika kila kazi kwa maneno yanayopimika. “Naelewa usimamizi wa mali” haipimiki. “Nahesabu aina 60 za bidhaa kwa siku, nalinganisha na leja, na kila tofauti naiandikia sababu siku hiyohiyo” inapimika. Kisha ambatisha karatasi tatu: hati ya kazi yenyewe, hesabu au sababu ya uamuzi wako, na sahihi ya msimamizi aliyekuona ukiifanya. Hiyo ya katikati ndiyo wengi hawana.

Chukua kiwango cha kuagiza, yaani kiasi ambacho mali ikishuka hadi hapo unaagiza tena. Kiwanda kinatumia katoni tupu 40 kwa siku, na msambazaji huleta siku ya 12 tangu apewe LPO (hati ya kuagizia mali). Wengi huzidisha, wakapata 480, wakaishia hapo. Gari likichelewa siku moja tu, mashine inasimama. Unaongeza akiba ya tahadhari, tuseme ya siku 5: katoni 200. Jumla 680. Sasa msaili atakubana: hizo siku 5 umezitoa wapi? Toa LPO kumi za mwisho za msambazaji huyo, andika tarehe ya kuagiza na ya kupokea. Mzigo uliochelewa kuliko yote ukiwa umechukua siku 17, basi 17 toa 12 ni 5, na jibu lina miguu. Ongeza angalizo: msimu wa sikukuu matumizi yakipanda hadi 50 kwa siku, siku 17 zinadai 850, kwa hiyo 680 haifai mwaka mzima. Na unapolinganisha na kiwango hicho, hesabu mali iliyopo pamoja na iliyokwisha kuagizwa ila haijafika. Usipofanya hivyo utaagiza mara mbili, kisha utafute pa kuweka.

Kwenye kupokea, onyesha ulivyolinganisha LPO, hati ya kupokea mali na ankara. LPO katoni 300, zilizofika 288, ankara 300: ankara hiyo hailipwi ilivyo. Kosa huanzia getini, dereva akiwahi foleni ya Tazara na mtunza stoo akisaini kabla ya kuhesabu. Pungufu huandikwa kwenye nakala zote za hati ya kukabidhi mzigo, na dereva asaini papo hapo. Kesho yake ni neno lako dhidi ya lake.

Ukidai kuagiza mali nje, jiandae kuulizwa CIF, masharti ya mauzo yanayogawa gharama na hatari kati ya muuzaji na mnunuzi. Muuzaji analipa nauli na bima mpaka Bandari ya Dar es Salaam, lakini hatari humhamia mnunuzi mzigo unapopakiwa melini kule utokako. Kontena likizama, mwenye hasara ni wewe, na bima anayolazimika kukukatia ni ya kiwango cha chini. Anayesema “CIF, kwa hiyo ni shida ya muuzaji” amejikata mwenyewe.

Kazi za serikali zinataka uthibitisho wa NeST, mfumo wa zabuni wa kielektroniki, na ujuzi wa Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023. Wa sekta binafsi mara nyingi hukwama hapa.

Ngazi nayo isichanganywe. Msaidizi aonyeshe amefuata utaratibu, afisa aonyeshe aliamua nini na kwa nini, meneja aonyeshe alichobadilisha katika utaratibu wenyewe na wengine wakakifuata. Meneja anayeleta kadi za bini (za kuandikia mali inayoingia na kutoka stoo) alizojaza vizuri ameomba kazi ya msaidizi.

Kabla ya kutoa nakala, omba ruhusa kazini, kisha ficha bei na majina ya wasambazaji. Zifunike kwa karatasi nzito unapotoa nakala, au zifute kwenye faili lenyewe la kompyuta. Wino wa maka mweusi ukimulikwa dirishani unasomeka, na msaili akiona bei za mwajiri wako wa sasa atajua za kwake zitakakoishia.