Kabla ya kupitisha maji kwenye mfinyanzi: mambo ya kuzingatia

Kabla hujachimba mfereji au kuelekeza maji ya mvua kwenye udongo wa mfinyanzi, usiuamini kwa sababu tu ni mgumu kwa jembe. Mchanga hushikiliwa na uzito wa punje zake. Chembe za mfinyanzi hazifiki hata milimita 0.002, kwa hiyo uzito wake si kitu. Kinachozishikamanisha ni mvutano wa kiumeme, na mvutano huo hutegemea chumvi zilizomo pamoja na kiasi cha unyevu. Mchoro maarufu wa mwanajiografia wa Uswidi, Filip Hjulström, wa mwaka 1935 unaonyesha kuwa mfinyanzi ulioshikamana huhitaji maji ya kasi kubwa kuliko mchanga laini ili ung'oke. Ni kweli, lakini mfinyanzi uleule unaweza kuhimili mkondo leo na kumeguka baada ya kiangazi kirefu.

Kwa hiyo anza na kipimo cha glasi, ambacho watu hukiruka bila sababu maana hakigharimu kitu. Chukua kidonge cha udongo kisizidi ukubwa wa harage, kikiwa na unyevu wake wa asili, ukidumbukize taratibu kwenye maji ya mvua yaliyotulia. Maji ya bomba au ya kisima huwa na chumvi zinazoweza kuficha ugonjwa. Usikoroge. Kikiporomoka na kuwa rundo dogo huku maji yakibaki maangavu, udongo unavunjika kwa kulowa haraka, hewa iliyonaswa ndani ikiusukuma nje. Lakini ukiona ukungu unatoka kwenye kidonge na kutanda chini ya glasi kama moshi, na haushuki, hapo kuna sodiamu nyingi na chembe zinaachana zenyewe. Udongo wa namna hii hauhitaji hata mkondo mkali: maji yakipenya kwenye ufa mdogo hutoboa handaki kwa ndani, huku juu pakionekana pazima. Tibu kwa jasi au chokaa kabla ya kujenga, au tafuta udongo mwingine.

Kagua nyufa. Mfinyanzi uliokauka hugawanyika vipandevipande, na maji hayahangaiki na chembe moja moja. Hunyofoa bonge zima. Tuta likishindiliwa udongo ukiwa mkavu, mabonge hubaki na matundu katikati yake na maji hulila upesi. Ushindilie ukiwa na unyevu wa kutosha, kwa tabaka nyembamba, kisha usiuache wazi juani.

Mteremko nao upigiwe hesabu. Nguvu ya maji kukwangua sakafu ya mfereji mpana hukadiriwa kwa kuzidisha kina (mita) kwa mteremko kwa 9,810 (uzito wa mita moja ya ujazo ya maji, kwa nyutoni). Maji ya kina cha nusu mita kwenye mteremko wa 1 kwa 1,000 hukwangua kwa takriban paskali 5 (yaani nyutoni 5 kwa kila mita ya mraba). Ukifanya mteremko 1 kwa 100, zinafika 49. Mfinyanzi laini unaweza kuanza kuondoka chini ya paskali 1, ilhali ule mgumu ulioshindiliwa vizuri huweza kustahimili makumi. Binafsi ningeongeza urefu wa mfereji ili kupunguza mteremko kuliko kubahatisha. Na kama maji yanabeba mchanga, ongeza tahadhari, kwani mchanga huo husugua sakafu ambayo maji matupu yangeiacha.

Mdomo wa kalavati na kila mahali maji yanapodondoka panahitaji mawe. Poromoko dogo kwenye mfinyanzi halisawaziki lenyewe. Huchimba shimo chini, ukuta wake huanguka, na korongo hupanda kuelekea maji yanakotoka.

Mwisho, kingo. Nyingi haziporomoki mafuriko yanapojaa bali yanaposhuka ghafla, ukuta ukiwa umelowa, mzito, na maji yaliyokuwa yakiuegemeza yameondoka. Zichonge zilale tangu mwanzo, otesha nyasi mapema ili mizizi ishike kabla ya mvua, na usipitishe gari wala mifugo ukingoni siku maji yanapopungua.