Somo: Kukata chuma nyumbani kwa grenda bila kuumia

Wengi tukizungumzia usalama wa grenda (mashine ya mkono ya kukatia na kusagia chuma) tunaanza na miwani na glavu. Mimi naanza na chuma chenyewe, kimeshikwaje. Miwani inapunguza madhara ajali ikishatokea. Chuma kilichobanwa vizuri kinaizuia isitokee.

Hatua ya 1: Bana chuma, uujue upande utakaoanguka

Siku moja nililaza bomba juu ya matofali mawili, moja kila mwisho, nikakata katikati. Jiwe (kisahani cha grenda kinachozunguka na kukata) lilipokaribia kutokea upande wa chini, bomba likalegea, ufa ukajifunga na kulibana. Grenda ikarukia kifuani. Kilichoniokoa ni kava (kinga inayofunika sehemu ya jiwe), na mkono wa pili uliokuwa kwenye mpini wa pembeni.

Jaribu kwa kijiti kibichi. Kiegemeze ncha zote mbili, kikate katikati kwa kisu kutoka juu: mwishoni kisu kinabanwa. Sasa kishike upande mmoja tu, ule mwingine uning'inie. Ufa unafunguka wenyewe. Na chuma ni hivyohivyo. Kifunge kwenye jiliwa (vaisi), kata karibu na midomo yake, na kipande kinachoondoka kiwe huru kuanguka. Usikikanyage kwa mguu, hata kama ni kipande cha nondo cha sekunde tano. Kama ni kirefu na kizito, weka kitu chini ya upande unaoanguka, lakini chini kidogo ya usawa, usiusukume juu.

Hatua ya 2: Soma jiwe

Chomoa plagi kwanza. Mzunguko ulioandikwa kwenye jiwe usiwe chini ya ule wa grenda. Jiwe la milimita 115 kwa kawaida huandikwa mizunguko 13,300 kwa dakika. La 230 ni kama 6,600. Yote mawili yametengenezwa kwa kasi ya ukingoni ya mita 80 kwa sekunde. Ukitoa kava ukalazimisha jiwe la 230 kwenye grenda ndogo ya mizunguko 11,000, ukingo wake unapita mita 130 kwa sekunde. Jiwe la namna hiyo hupasuka, na vipande vyake vinaua. Tafadhali msifanye hivi.

Angalia pia pete ya bati katikati ya jiwe, ina tarehe ya mwisho wa matumizi. Lililopitwa, lililolowa au lililoanguka, tupa. Jiwe jembamba la kukatia halisagi kwa ubavu. Ukifunga jipya, liache lizunguke bure kwa dakika moja huku umesimama pembeni.

Hatua ya 3: Mwili

Miwani inayofunika pande zote, na ngao ya uso juu yake. Kinga ya masikio, kwa sababu grenda hukaribia desibeli 100 na masikio huanza kuumia kwenye 85. Nguo za pamba. Nailoni huyeyuka ikagandia ngozi. Suruali ishuke juu ya kiatu, isichomekwe ndani, la sivyo cheche zitaingia. Usivae chochote kinachoning'inia.

Hatua ya 4: Cheche

Ni punje za chuma zinazoungua hewani, na huruka mbali kuliko unavyodhani. Ondoa mafuta, rangi, matambara na maranda ndani ya mita 10. Kioo cha dirisha au cha gari nacho kifunike, maana zinakigandia na kuacha vidoa visivyotoka. Ukimaliza, kaa hapo nusu saa. Moto wa kwenye vumbi la mbao huanza kimyakimya.

Hatua ya 5: Kata

Simama kando ya mstari wa jiwe. Subiri lifike kasi yake ndipo uguse chuma. Usiligeuzegeuze ndani ya ufa. Ukizima grenda, usiiweke chini mpaka jiwe lisimame kabisa.

Kabla ya kuvua miwani, inama, funga macho, kung'uta nywele na nyusi. Punje nyingi huingia jichoni wakati huo, kazi ikiwa imeshaisha.

Maswali ya wanachama

*Fundi, nina pipa tupu lililokuwa na petroli, nimelisuuza kwa maji. Naweza kulikata liwe jiko?*
Hapana, ndugu yangu. Mvuke unabaki kwenye mikunjo na maungio hata baada ya kusuuza, na cheche moja inatosha kulilipua. La dizeli pia usiliguse. Tafuta bati ambalo halijawahi kubeba mafuta.

*Kava inanizuia kufika kwenye kona. Nikiitoa kidogo tu?*
Igeuze, usiitoe. Ikishindikana, chukua msumeno wa mkono wa kukatia chuma. Meno yaelekee mbele, na angalau matatu yawe yanagusa chuma kwa wakati mmoja: meno 18 kwa inchi kwa chuma kinene, 32 kwa bomba jembamba. Utachelewa dakika kumi.

*Mwalimu, jana kuna kitu kiliingia jichoni nikikata engo (chuma cha pembe). Leo linachoma kidogo tu. Nisubiri?*
Usisubiri, nenda hospitali leo. Punje ya chuma huanza kuota kutu ndani ya jicho kwa muda wa saa chache, na kutu hiyo huacha duara linalohitaji kuondolewa. Usilisugue, usijaribu sindano wala sumaku. Waambie kwamba ni chuma. Na siku yoyote ukiandikiwa kipimo cha MRI, hata miaka mingi baadaye, sema mapema kwamba uliwahi kuingiwa na chuma jichoni, kwa sababu sumaku ya mashine ile inaweza kukisogeza.